Krosibo ya Shemeji na Gunia la Kwenda Tanga

Mtu akinunua krosibo, yaani upinde wa kufyatua kama bunduki, cha kwanza kukutajia ni kasi ya mshale. Shemeji yangu hakuwa tofauti. Alipokea boksi lake mlangoni kwetu Columbus, Ohio, msimu wa kuwinda kwa upinde ukiwa unakaribia kufunguliwa mwishoni mwa Septemba, akanipa namba kabla ya salamu: "Futi 400 kwa sekunde, shemeji! Mia nne!" Alivyoisema, ungedhani kulungu wa jimbo zima wameshapelekewa taarifa na wanaandika wosia.

Nikamwuliza, mia nne kwa mshale wa uzito gani, greni ngapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa dini ya gari.

Namba ya kwenye boksi mara nyingi hupatikana kwa mshale mwepesi kabisa unaoruhusiwa kwa chombo hicho. Ukitia mshale wa greni 420, yaani kama gramu 27, namba inashuka, na acha ishuke: mshale mzito huzama zaidi, na krosibo hupunguza kelele. Kelele ndizo adui. Sauti hukimbia karibu futi 1,100 kwa sekunde. Kulungu akiwa yadi 30, mlio unamfikia ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, na mshale wako wa kifahari unakuja baadaye, karibu robo sekunde. Katikati hapo yeye ameshainama ili aruke, na mshale unampita juu ya mgongo. Ndiyo maana mwenye akili hungoja kulungu aliyetulia kwenye yadi 20 au 30, hata kama darubini yake ina mistari ya hadi 60.

Haya yote nilimweleza. Akaitikia "sawa shemeji" ya mtu ambaye mawazo yako kwenye suruali ya mabaka.

Maana hapo ndipo fedha zilikokwenda. Suruali ya mabaka, koti la mabaka, soksi za mabaka ambazo ndani ya buti hakuna kulungu atakayeziona, rangi ya uso, baragumu la kuigiza mlio wa dume, na kikombe cha chai chenye picha ya pembe. Kwenye msimu wa upinde Ohio haikudai hata ile fulana ya rangi ya chungwa ya kumfanya mwindaji aonekane. Inadaiwa siku za bunduki. Kwa hiyo kwa mavazi alikuwa amejitosheleza mpaka kichakani asionekane kabisa. Shabaha ya kufanyia mazoezi hakununua. Mshale wa kufyatulia, ule wa kuilegeza krosibo iliyovutwa, hakununua. Na mishale ya ziada aliikuta kwa bei nzuri mtandaoni, dazeni nzima, urefu sawasawa inchi 20, akaona hiyo hiyo.

Inchi 20 ni sawa. Kinachoua watu ni noki, kile kipande cha nyuma kinachokaa kwenye ugwe. Kuna noki bapa, kuna za nusu mwezi, kuna zinazobana ugwe, na kila kiwanda kinataja ya kwake. Ukitia isiyotakiwa, ugwe unaweza kuteleza juu au chini ya mshale, na hapo umefyatua tupu: nguvu yote ya ratili 180 inarudi kwenye mabawa, ile mikono miwili ya upinde, badala ya kwenda na mshale. Mabawa hupasuka, ugwe hukatika, na vipande havichagui pa kwenda. Krosibo yake ilitaka noki za nusu mwezi. Ile dazeni ilikuwa na noki bapa.

Sasa jioni yenyewe. Mimi nilikuwa kazini ghalani, zamu ya usiku. Simu ikaita wakati wa mapumziko.

"Shemeji, nimeivuta."

"Umeivuta nini?"

"Krosibo. Imelia ka! Sasa inarudishwaje?"

Krosibo ya kawaida, ukishaivuta, haina kurudi nyuma kwa hisani. Chache zenye kranki, ambazo mwongozo wake unaruhusu, hushushwa taratibu kwa ule mkono wa kuzungusha. Nyingine zote zinashuka kwa njia moja: mshale utoke. Wawindaji hubeba mshale wa kufyatulia, mfupi mnene wenye ncha butu, kazi yake ni hiyo tu: jioni hujapiga kitu, unaushusha kwenye shabaha au udongo laini usio na mawe, kisha ndipo unakaribia gari. Unauzwa bei ya kawaida sana, chini ya kile kikombe.

Nikamwambia aondoe kidole kwenye kifyatulio, ahakikishe kizuizi kimewashwa, aielekeze ukutani, chini, na aweke kidole gumba chini ya reli, pale mshale unapolala, maana ugwe ukipita hauulizi kidole ni cha nani. Akauliza je, akishika ugwe kwa ile kamba ya kuvutia na kubonyeza, si anaushusha polepole? Nikamwambia kwa ile kamba ya vishikio viwili uzito unaousikia ni kama nusu, ratili 90 hivi, na zitakushukia zote kwa mpigo mikono ikiwa hewani. Mwongozo unasemaje? Kimya kidogo. Mwongozo, akasema, uko chini ya kopo la mafuta, umelowa.

"Mafuta gani?"

"Ya reli. Nilikosa yale yao, nikatia ya nazi."

Naomba tutue hapa. Reli hupakwa tone moja au mawili ya mafuta yake maalumu, unayasambaza kwa kidole, basi. Ugwe hupakwa nta, isipokuwa ule uzi uliozungushiwa katikati panapogusa reli. Pale unafuata mwongozo wa kiwanda. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi, na chumba chetu cha chini mwishoni mwa Septemba hakifiki huko. Kwa hiyo alikuwa na reli yenye utando mweupe mgumu, ambao ugwe unausukuma na kuukwangua, kasi inapungua na mshale mmoja haufanani na mwingine. Tena harufu! Kulungu pua yake inakutambua kabla hujampata kwenye darubini, na huyu bwana alikuwa anataka kwenda porini ananukia samaki wa kupaka.

Nikamwambia akae, asiguse, zamu ikiisha nakuja na shabaha yangu ya povu na mshale wa kufyatulia. Akasema sawa shemeji. Ni ile ile.

Yaliyofuata nimeyapata kwake, kwa mke wangu ambaye ni dada yake, na kwa ushahidi uliobaki ukutani.

Alitia kwanza mshale wa dazeni ya bei nzuri. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Hii ilikuwa krosibo inafanya kazi yake: ndani ya kufuli la ugwe kuna kilimi kinachozuia kufyatua tupu, na noki sahihi isipokaa na kukisukuma, kifyatulio hakiachii. Noki bapa haikukifikia. Mwenye kujua huachia hapo hapo na kumwita fundi. Shemeji akahitimisha kwamba mshale ni mbovu, jambo ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa karibu na ukweli, akaenda kutoa mmoja wa ile mitatu iliyokuja ndani ya boksi. Akaulaza na lile nyoya la rangi tofauti likiangalia chini kwenye mfereji wa reli, kama inavyotakiwa. Hilo alilijua. Akausukuma nyuma mpaka ukagota. Ncha ilikuwa ya mazoezi, si chembe pana yenye makali ya kuwindia, tushukuru.

Shabaha ikawa nini? Pale chini ya ngazi palikuwa na gunia la nguo alilokuwa analipanga dada yake kwa miezi, la kutia kwenye pipa liende Tanga. Na hapa nimtetee kidogo, maana wazo halikuwa la kijinga kama linavyosikika: shabaha za mifuko zinazouzwa madukani kweli hujazwa nguo kuukuu na vipande vya kitambaa. Tofauti ni kwamba zile zimeshindiliwa kwa mashine mpaka zikawa ngumu. Gunia la Tanga lilikuwa limekunjwa kwa mapenzi, sio kwa mashine.

Alikuwa na busara ya aina yake pia. Alijua juu ya gunia kuna suruali kuukuu za kazi, vitu vyema viko chini, hivyo akalenga juu, hatua sita, kupitia darubini. Tatizo la darubini ni kwamba imekaa juu ya reli karibu inchi 3. Ukiirekebisha kwa yadi 20, mshale unapanda na kukutana na mstari wa jicho huko mbele. Kwa hatua sita bado haujapanda. Unapiga chini ya ulipolenga kwa inchi moja na zaidi. Na darubini yake ilikuwa haijarekebishwa hata kidogo, imetoka boksini ilivyofungwa, kwa hiyo ongeza inchi nyingine za zawadi. Tena aliuvuta ugwe bila kuweka alama katikati. Upande mmoja ukizidi kidogo tu, mshale unakwenda pembeni.

Twaa!

Mshale uliziruka suruali kuukuu zote. Ukaingia kwenye doti mpya ya kanga, ukatoboa suti ya mjomba, ukachukua soksi moja kwa manyoya yake ya plastiki, ukatoka upande wa pili na kuzama kwenye gunia la mchele la ratili 40 lililokuwa nyuma. Mchele ndio uliousimamisha, na ufito wa kaboni ukapasukia humo humo. Mke wangu alipofika ngazini alikuta mchele unamwagika polepole, ndugu yake amevaa mabaka kuanzia kichwa hadi soksi, amesimama ananukia nazi.

"Usiogope dada," akasema, "imeshuka."

Nilipofika alfajiri kesi ilikuwa mezani. Ile doti ilikuwa imekunjwa mara tatu. Mara tatu ni tabaka nane, kwa hiyo mshale mmoja ulitoa matundu manane, yamejipanga kwa vipimo sawa kama kazi ya cherehani. Jina la kanga lilikuwa *Usisafirie nyota ya mwenzio*, na tundu moja lilikaa katikati ya neno nyota. Suti ilikuwa na tundu kifuani na jingine mgongoni; mjomba angeivaa harusini watu wangemwuliza maiti alikuwa nani.

Shemeji, badala ya kuomba radhi, alikuwa ameinama juu ya kanga.

"Shemeji, hebu ona kundi hili la matundu! Yote yamelingana!"

"Huo ni mshale mmoja."

"Ndiyo, lakini ona!"

Mchele tuliutupa wote, na hili silifanyii mzaha. Kaboni ikipasuka humwaga vinyuzi vikali visivyoonekana. Vikiingia kwenye pilau hakuna dawa. Ndiyo maana kila mshale, kabla ya kuutia tena, unaukunja kidogo kwa mikono huku unauzungusha, unasikiliza. Ukilia kama unachanika, uvunje utupe.

Halafu tukaanza upya, kwa utaratibu. Reli tukaifuta mafuta ya nazi kwa kitambaa kikavu mpaka ikanyamaza harufu, kisha tone la mafuta yake. Fundi wa dukani akakagua mabawa na magurudumu ya ugwe. Dazeni ya noki bapa ikarudishwa, ikaja mishale sita ya kiwanda chenyewe. Ugwe tukautia alama mbili za kalamu, kushoto na kulia ya reli, ili kila ukivutwa uonekane kama umekaa katikati. Kikuku, ile pete ya mbele ya kukanyagia, chini, mguu ndani, vishikio vivutwe pamoja.

Darubini tukairekebisha kwa yadi 20. Nyingi husogea robo inchi kwa kila mbonyeo kwenye yadi 100, maana yake kwa yadi 20 ni sehemu moja ya ishirini ya inchi. Ukitaka kusogeza inchi moja ni mibonyeo 20. Shemeji alibonyeza miwili akalalamika haifanyi kitu. Tulipomaliza alianza kupiga vizuri mpaka nikamkataza kulenga doa moja mara mbili, maana mshale wa pili ukiutwanga wa kwanza nyuma umepoteza yote miwili. Kila mshale na doa lake.

Chembe pana akachukua za greni 100, uzito ule ule wa ncha za mazoezi, za kufunguka, upana wake umepita robo tatu ya inchi inayotakiwa na sheria ya Ohio. Mkanda wa mwili wa kumfunga kwenye mti nilimnunulia mimi, na kamba ya kupandishia krosibo ikiwa haijavutwa na haina mshale. Baragumu aliliuza. Kikombe alikataa.

Dada yake naye akatoa hukumu: suti mpya, doti mpya, gunia la mchele, na mapaja yote mawili ya nyuma ya kulungu wa kwanza, liwe liwalo. Mwezi Novemba shemeji akampata jike kwa yadi 22, ametulia, mshale ukapita safi. Mapaja yakakusanywa siku hiyo hiyo, na minofu ya mgongo ikafuata kama riba.

Gunia la pili la nguo lilipangwa sebuleni, mbele ya macho ya watu. Mke wangu akaliandika kwa wino mzito pande zote nne: SI SHABAHA. Likafika Tanga salama. Mjomba akapiga simu, suti imemkaa vizuri, ila alikuwa na swali moja: huko Marekani, mizigo ya watu ambayo haijaandikwa hivyo inafanywaje?