Fulana ya Kampuni ya Mabati

Mwenzenu jana nimeitwa babu sokoni Kongowea. Wala si babu wa heshima, ni babu wa "babu, pisha mkokoteni!" Nikameza. Foleni ya feri nilishaimeza asubuhi, na mfereji wa nyumbani una wiki hata haukohoi. Koo limezoea.

Kisa ni fulana. Nyeusi, imetundikwa juu kabisa ya kibanda cha mitumba, maandishi yana ncha kama mikuki: Metallica. Nikawa na miaka 16 papo hapo, hata goti likasahau kuuma.

"Mia saba, mzee. Hiyo kamera, daraja la kwanza."

"Wawajua hawa?"

"Si kampuni ya mabati?"

Mtu mzima, mwenye mke na sukari, nikavuta ndoo nikakaa kumsomesha. Kwamba hii ni bendi ya roki, ilianza Los Angeles mwaka 1981. Kwamba mpiga ngoma, Lars Ulrich, ni mzaliwa wa Denmark. Kwamba Cliff Burton wa gitaa la besi alifariki 1986, basi lao lilipopinduka huko Uswidi.

"Innalillahi," akasema, akaikunja fulana kwa adabu. "Dereva alikuwa ala muguka?"

Nikapita hapo. Nikafika 1991, ile albamu ya jalada jeusi, niliyoirekodi juu ya kaseti ya taarabu ya Bibi. Bibi, Mungu amrehemu, akaiweka alasiri moja, pepeo mkononi, angoja fidla. Likanguruma gitaa. Hakugombeza mtu, alimwita mwalimu. Nikafukizwa ubani siku tatu, nikanyweshwa kombe, na jini halikutoka, maana lilikuwa ndani ya redio. Betri zikifa twazianika juu ya bati kama ng'onda, jioni jini lainuka tena.

Watu wakajaa. Mama mmoja akauliza kama ni mkutano wa injili.

Kijana alisikiza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Babu, kumbe ina historia. Basi elfu moja."

Elfu! Nifundishe mimi, na karo nilipe mimi! Nikatoa mia tisa. Nyumbani ikakwama juu ya kitovu, nikaivaa hivyo hivyo. Muuza maji kuingia uani, mitungi hajatua, akanitazama kifua: "Fundi, geji 30 mwauzaje?"

Nikamtajia bei. Naijua, kwani bati la juu ya kitanda lavuja tangu masika, nimeuliza maduka manne, kila mmoja na yake, na misumari wanahesabu kando. Misumari, jamani!