Na Shimo Nalo Liandikwe

Bodaboda ikianguka huku kwetu, hukumu hutolewa kabla majeruhi hajafika hospitalini. "Hawa vijana wanakimbia ovyo." "Huyo lazima alikuwa amekunywa." Na anayesema hivyo mara nyingi amesimama pembeni mwa shimo lenyewe, anachungulia. Sikatai, wapo wanaobeba abiria watatu na helmeti imening'inia kwenye usukani. Hao sina la kuwatetea. Lakini ziko ajali zinazoletwa na barabara, na hizo ndizo hazina mahali pa kuandikwa. Ripoti itasema mwendeshaji alishindwa kudhibiti pikipiki. Kweli alishindwa. Nani angeweza?

Mwenye gari hawezi kulielewa hili vizuri, kwa sababu gari hupita juu ya mambo mengi likatikisika tu. Pikipiki ni mambo mengine. Kuna tuta ambalo wanakijiji wamelijenga wenyewe kwa udongo baada ya mtoto kugongwa, halina rangi wala kibao. Kuna dizeli iliyomwagika kwenye kona. Kule Chemelil na Muhoroni kuna miwa inayodondoka kwenye trela, ikapondwapondwa na magari, na mvua ikishanyesha hapo lami huwa kama imepakwa sabuni. Ukienda upande wa Bungoma wakati wa mavuno utakuta mahindi yameanikwa kando ya lami, yamezungushiwa mawe ili magari yasiyakanyage. Jioni mahindi huingizwa ndani, mawe yakabaki palepale. Halafu kuna ukingo wa lami uliomegeka: matatu inakupigia honi, unasogea kumpisha, na hapo pa kusogea hapapo.

Binamu yangu aliangushwa na jiwe. Alikuwa anapandisha mlima wa Riat kutoka Mamboleo, kwenye barabara ya Kisumu hadi Kakamega, giza limeshaingia, amembeba mama mmoja mwenye gunia la omena, yaani dagaa. Mlima ule unachosha malori. Lori likizimika, utingo huruka chini na kutafuta mawe ya kuziba magurudumu lisirudi nyuma, kisha hukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani kuwaonya wengine, ingawa sheria inamtaka dereva awe na vibao vya pembetatu. Lori likishapona linaondoka zake. Matawi hupeperushwa na upepo. Mawe hayana anayeyakumbuka.

Gurudumu la mbele lililipanda jiwe mojawapo. Binamu yangu alivunjika mfupa wa bega na mguu, yule mama akachubuka uso na mikono. Watu walikuja mbio, na siwezi kuwalaumu kwa moyo wao, ila walivyosaidia ndivyo tunavyosaidia siku zote: mmoja alimvua helmeti kwa nguvu, wengine wakampandisha kwenye pikipiki nyingine katikati ya watu wawili kama gunia la makaa, mguu unaning'inia. Mtu aliyerushwa namna ile shingo yake haifai kuchezewa. Kama anapumua vizuri, mwacheni na helmeti yake, mmoja ashike kichwa kisitikisike, mwingine asimame mbali kidogo chini ya mlima na tochi ya simu kuzuia magari, na mwingine apige 1199, namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu. Na kama ni lazima abebwe, tafuteni gari ambalo anaweza kulala.

Mtu mwema akaliokota lile jiwe akalitupa mtaroni, asije akaanguka mwingine. Alifanya vyema kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyelipiga picha kwanza.

Kesho yake nilikwenda kituoni kuandikisha. Afande alikuwa mpole, alinipa hata kiti.

"Aligongwa na gari gani?"

"Hakugongwa, afande. Kulikuwa na jiwe barabarani."

"Liko wapi hilo jiwe?"

Nikanyamaza. Akaandika kwamba aliyeendesha alipoteza mwelekeo, akaanguka mwenyewe.

Sentensi hiyo moja ina gharama kubwa kuliko inavyoonekana. Bima ya thadi pati, ambayo ndiyo wengi wanayo, hulipa watu wengine walioumia. Mwendeshaji mwenyewe haimhusu. Na yule mama wa omena akitaka fidia, karatasi inamwelekeza kwa binamu yangu, maana ndiye "aliyepoteza mwelekeo". Mwenye lori hayumo. Mwenye barabara, yaani mamlaka inayoitunza, hayumo. Anayedaiwa ni aliyelala na plasta mguuni.

Na mwenye barabara tunamlipa. Tangu Julai 2024, katika kila lita ya petroli unayonunua Kenya, shilingi 25 ni ushuru wa kukarabati barabara. Awali zilikuwa 18. Mwendeshaji anayetia lita tatu kwa siku ameshatoa shilingi 75 kabla hajapata abiria wa kwanza. Magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani kuhusu nani azishike pesa hizo. Wavutane tu, lakini mwenye kuzitoa ana haki ya kuuliza kwa nini jiwe linalala barabarani.

Kuuliza kwenyewe kuna saa yake, na hapa ndipo wengi wanapopotelea. Kesi ya kawaida ya kudai fidia ya majeraha unaweza kuifungua ndani ya miaka mitatu. Ukitaka kuishtaki mamlaka ya barabara una miezi 12 pekee, na kwanza uwape ilani ya maandishi ya mwezi mmoja. Ukingoja mguu upone na harambee iishe, mlango umefungwa.

Kwa hiyo picha zipigwe usiku uleule, hata na mpita njia. Lipige shimo na helmeti imewekwa kando yake, ukubwa uonekane. Piga na kibao cha duka au nguzo ya stima yenye namba, mtu asije akasema ni barabara nyingine. Kituoni, omba kwa heshima kwamba jiwe, shimo au tuta liandikwe kwenye kitabu cha matukio pamoja na mahali lilipo, uchukue namba ya OB, yaani namba ya tukio lako katika kitabu hicho. Risiti za hospitali usizitupe hata ile ya panadol.

Ila silaha kubwa nadhani iko steji, pale bodaboda wanapongojea abiria. Kila steji ina mwenyekiti na kundi la WhatsApp, na pikipiki ikiibwa Kondele, hadi Ahero wameshapata picha kabla mwizi hajatoka mjini. Kundi hilohilo linaweza kupokea picha za mashimo na matuta bubu, mwenyekiti akaandika barua: barabara kuu kama hii ya Kisumu hadi Kakamega ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu; nyingi za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, au kaunti; za mashambani ni za KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini. Nakala ibaki na muhuri wa kupokelewa. Siku mtu akianguka kwenye shimo ambalo barua yake ina muhuri wa miezi mitatu nyuma, wakili wa mamlaka hataweza kusimama mahakamani akasema hawakuwa na habari. Steji ya binamu yangu imeshaanza, na barua ya kwanza ilihusu mlima wa Riat.