Nani Ataandika Cheti cha Dawa?

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa kwetu, mzaliwa wa pwani kama mimi, alikuja nyumbani na bahasha mbili akaniomba tuzisome pamoja. Kiingereza anakijua na anakitumia kazini kila siku, lakini barua za hospitali zina Kiingereza chake, nami nimefanya kazi ya ukalimani wa afya katika miji ya kaskazini mwa Uingereza kwa miaka kumi na minne. Barua ya kwanza ilitoka kliniki ya jinsia. Ilisema kwamba wataalamu, baada ya kuonana naye mara tatu, wameridhika kuwa ana disforia ya jinsia, yaani anataabika kwa kuwa jinsia anayojitambua nayo si ile iliyosajiliwa alipozaliwa, wamependekeza aanze homoni, na kwamba dawa hizo ataandikiwa na daktari wake wa familia. Kabla ya kuonwa mara ya kwanza alikuwa amesubiri zaidi ya miaka mitano. Barua ya pili ilitoka kwa daktari wa familia mwenyewe, naye alieleza kwa adabu kwamba kazi hiyo haimo katika mkataba wake, kwamba hana mafunzo nayo, na kwamba mgonjwa arudi kliniki.

"Shangazi," aliniuliza, "kwa hiyo mimi ni mgonjwa wa nani?"

Amenipa ruhusa kuandika haya mradi nisitaje jina lake, mji wake, wala taasisi yoyote kati ya hizo mbili. Tangu siku ile swali lake halijanitoka, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoamini kwamba kosa halikufanywa na aliyeandika barua ya kwanza wala aliyeandika ya pili. Lilifanywa miaka mingi kabla, pale waliokaa mezani kupanga na kulipia huduma hii walipomlipia mtaalamu wa kumchunguza mgonjwa bila kuhakikisha kwamba yupo mtu wa kumtunza baada ya uchunguzi.

Mtu wa Pangani anayepewa rufaa kwenda Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, na kutoka Bombo kwenda Muhimbili, hospitali ya taifa, anajua kwamba rufaa ina kwenda na kurudi. Bingwa anakuona, anaamua, kisha anakurudisha kwenu na karatasi inayosema utumie dawa gani na upimwe damu lini. Kama huko kwenu hakuna wa kuipokea karatasi hiyo, basi nauli, usingizi wa kwenye benchi na miezi ya kungoja vyote vimekwenda bure. Hilo halihitaji kuwa bingwa wa mipango ya afya kulielewa, na ndilo lililoachwa wazi huku Uingereza katika nchi yenye moja ya mifumo ya afya ya umma iliyopangwa kwa makini zaidi duniani.

Tangu Aprili 2013 huduma za jinsia kwa watu wazima nchini Uingereza (yaani England peke yake, bila Wales) hununuliwa na kulipiwa kutoka juu, na NHS England yenyewe, chombo kinachosimamia huduma za afya za umma, kama huduma maalumu za nchi nzima. Kwa miaka mingi kliniki zilikuwa saba tu: London, Leeds, Sheffield, Newcastle, Nottingham, Northampton na Exeter, zikihudumia nchi yenye watu wapatao milioni 56. Ile ya London ndiyo ya zamani kuliko zote, ilianza mwaka 1966 katika hospitali ya Charing Cross, na mwaka 2017 ilihamishiwa kwa mwendeshaji mwingine baada ya yule wa awali kutangaza kwamba hataki tena kuiendesha. Idadi ya waliopewa rufaa ilipanda mwaka hadi mwaka, lakini idadi ya wagonjwa wapya ambao kliniki zililipiwa kuwaona haikupanda kwa kasi hiyo, na hakuna foleni inayoweza kupungua kwa hesabu ya namna hiyo.

Wales walichukua njia nyingine, na hapa ningeomba msomaji anivumilie. Kabla ya mwaka 2019 mtu mzima wa Wales aliyehitaji huduma hii alipitia kwanza kwa daktari wa magonjwa ya akili wa eneo lake, hata kama hakuwa na ugonjwa wowote wa akili, kisha akapelekwa London. Mwaka 2017 waziri wa afya wa wakati huo, Vaughan Gething, alitangaza kwamba nchi itakuwa na huduma yake yenyewe, na mwaka 2019 timu kuu ilianza kupokea wagonjwa mjini Cardiff. Huo ndio ushindi uliosherehekewa, kwamba sasa Wales ina kliniki yake. Mimi naona ushindi mkubwa zaidi ulikuwa kwingine. Pamoja na timu ya Cardiff, ilipangwa kwamba kila bodi ya afya, nazo ni saba, iwe na timu yake ndogo ya eneo yenye daktari aliyefunzwa, ambayo kazi yake ni kupokea mgonjwa kutoka kwa mabingwa, kumwandikia homoni, kumpima damu na kurekebisha kipimo cha dawa hadi hali itulie, ndipo akabidhiwe kwa daktari wake wa familia, ambaye naye amewekewa malipo mahususi kwa kazi hiyo.

Umuhimu wa timu hizo unaonekana vizuri ukifungua ramani. Mtu wa Bangor, kaskazini kabisa mwa Wales, hufika London kwa treni kwa muda wa saa tatu na kidogo, ilhali kufika Cardiff, mji mkuu wa nchi yake, humchukua zaidi ya saa nne. Kwa mtu huyo kuhamisha kliniki kutoka London kwenda Cardiff hakukuileta huduma karibu hata hatua moja. Kilichomsogezea huduma karibu ni daktari wa eneo lake anayeweza kumwandikia dawa Jumatatu na kusoma majibu ya damu yake Alhamisi. Nakiri kwamba foleni ya Wales nayo imerefuka, na kwamba wapo wanaosubiri huko kwa muda usiokubalika. Lakini swali la "mimi ni mgonjwa wa nani" huko lina jibu lililoandikwa katika mpango.

Uingereza nayo ilijaribu kitu kama hicho. Mwaka 2020 huduma za majaribio zilianzishwa Manchester na London, kisha Merseyside na maeneo mengine machache, zikiwatumia madaktari wa familia na wauguzi waliopewa mafunzo, na ile ya Manchester ilianza kwa kuwachukua watu wa eneo hilo waliokuwa tayari kwenye orodha za kliniki za zamani. Anayeishi nje ya mipaka ya maeneo hayo, kama kijana wangu, amebaki na utaratibu ule ule wa barua mbili.

Waliokwenda mahakamani kuilalamikia foleni hii walishindwa. Kanuni zinataka asilimia 92 ya wagonjwa wawe hawajasubiri zaidi ya wiki 18, lakini Januari 2023 Mahakama Kuu ilisema kwamba kuvuka muda huo peke yake si kuvunja sheria, na majaji wa rufaa wakakubaliana nayo mwaka huo huo. Sina la kubishana na majaji kuhusu sheria. Nasema tu kwamba wiki 18 zimegeuka kuwa zaidi ya miaka mitano, na hakuna aliyewajibika.

Wapo wanaosema kwamba hatujui hata wahitaji ni wangapi, na hapa nina jambo la kusema kama mkalimani. Sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales ilikuwa ya kwanza kuuliza iwapo jinsia ambayo mtu anajitambua nayo ni ile ile iliyosajiliwa alipozaliwa, na watu 262,000 walijibu kwamba sivyo. Kisha ikaonekana kwamba maeneo yaliyoongoza ni Newham na Brent, sehemu za London zenye wahamiaji wengi, na kwamba wasiokimudu Kiingereza walijibu hivyo zaidi kuliko wengine. Ikashukiwa kwamba baadhi hawakulielewa swali, na mwaka 2024 takwimu hizo ziliondolewa hadhi ya takwimu rasmi zilizothibitishwa. Mimi sikushangaa. Hata sisi, ambao lugha yetu ina neno jinsi na neno jinsia, katika mazungumzo ya kila siku tunatumia jinsia kwa yote mawili, na nimewaona wazee wakisoma swali lile mara tatu na bado wasilipate. Lakini shaka hiyo isigeuzwe kisingizio cha kutopanga. Walio kwenye foleni hawakutokana na swali la sensa. Kila mmoja wao ameandikiwa rufaa na daktari, ana jina na tarehe, na anaweza kuhesabiwa leo hii.

Wapo pia wanaosema kwamba ushahidi wa tiba hii bado unajadiliwa, hivyo twende polepole. Baada ya ripoti ya Dkt. Hilary Cass kuhusu huduma za jinsia kwa watoto na vijana, iliyotoka Aprili 2024, Dkt. David Levy alipewa kazi ya kukagua kliniki za watu wazima, na sioni ubaya wa ukaguzi. Huduma yoyote ya umma inastahili kukaguliwa. Ninachokataa ni kuita foleni tahadhari. Tahadhari ni daktari kukaa na mgonjwa, kumsikiliza, kumpima shinikizo la damu, kumwuliza habari za moyo na ini, kumwambia ukweli kuhusu uzazi wake wa baadaye. Mtu aliyeachwa miaka mitano bila kuonwa na yeyote hakupewa tahadhari hata kidogo. Baadhi yao hununua homoni kwenye intaneti na kujichoma sindano wenyewe, bila mtu wa kusoma majibu ya damu yao, na hatari hiyo imetengenezwa na mpango uliotakiwa kuizuia.

Kwa madaktari wa familia nitasema kwa shingo upande kwamba nawaelewa. Nimefanya ukalimani katika vyumba vyao ambako mgonjwa ana dakika kumi na maradhi manne. Kuwaongezea kazi bila mafunzo, bila bingwa wa kumpigia simu na bila malipo, kisha kuwalaumu wanapokataa, si haki. Lakini aliyekaa mbele yao na cheti chake cha uchunguzi hakuupanga mkataba ule, na yeye ndiye pekee anayeumia.

Jioni ile tuliandika jibu moja na kulipeleka pande zote mbili, kliniki na kwa daktari wa familia. Hatukulalamika wala hatukutaja sheria. Tuliomba watuambie kwa jina ni nani atakayemwandikia dawa na ni nani atakayempima damu baada ya miezi mitatu. Pande zote mbili zilituma uthibitisho kwamba barua imepokelewa, kila moja siku yake. Jana alinipigia simu kuniambia kwamba kliniki imemjibu: imefunga faili lake, kwa kuwa sasa yuko chini ya daktari wake wa familia.