Taya Likiuma, Meno Bandia Yasihukumiwe Haraka

Mtu wa Mtwara au Lindi aliyetengenezewa meno bandia machache, yale ya kuvaa na kuvua, akianza kusikia maumivu mbele ya sikio hupewa ushauri unaogongana. Mmoja atamwambia ayavue, ndiyo yanayomuumiza. Mwingine atasema taya linauma kwa kukosa magego, basi ayavae muda wote. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, na hapo ndipo mgonjwa anapoteseka.

Wanaoyashuku meno bandia wana hoja nzito. Jino la asili likibanwa hushuka kidogo mno, nusu milimita halifiki, ilhali ufizi hubonyea zaidi. Meno bandia ya bei nafuu mengi ni akriliki tupu (plastiki ngumu), hayana vishikizo vya chuma vinavyokalia meno yaliyobaki, hivyo mzigo wa kutafuna huangukia ufizi. Mfupa chini yake nao huendelea kupungua tangu jino ling'olewe. Miaka ikipita, kitako cha meno bandia huzama, meno ya nyuma hayagusani tena, na mvaaji anasogeza taya mbele au pembeni kutafuta pa kung'atia. Kinachochoka kwanza ni misuli ya kutafunia. Kiungo chenyewe cha taya, kilicho mbele ya sikio, mara nyingi ni kizima. Meno bandia yakizidi urefu, shida ni nyingine: taya likipumzika, meno ya juu na ya chini yanapaswa kuachana milimita 2 hadi 4, na nafasi hiyo ikiliwa, misuli haipati kulegea. Anayekwambia "utazoea" bila kupima hakutendei haki.

Lakini je, pengo la magego lenyewe linaumiza taya? Utafiti uliofanyika hapa Tanzania kwa watu wazima zaidi ya 700 waliopungukiwa meno ya nyuma, ukachapishwa 2003, haukuona kwamba upungufu huo peke yake unaleta matatizo ya kiungo. Hatari ya maumivu na taya kutoa mlio iliongezeka pale ambapo upande mmoja au pande zote mbili hazikubaki na jino la nyuma linalokutana na mwenzake. Kwa hiyo mwenye magego madogo, yale yanayofuata chonge, yakikutana kulia na kushoto, asishinikizwe kununua meno bandia kwa kutishiwa taya. Asiye na kitu nyuma, anayahitaji.

Kipimo cha kwanza unaweza kukifanya nyumbani. Kata ukanda wa plastiki safi na nyembamba, upana milimita 5. Vua meno bandia, uweke ukanda kati ya meno ya asili yanayokutana, ng'ata, vuta: utabanwa. Sasa vaa, urudie palepale. Ukichomoka, meno bandia yamezidi urefu. Ukibanwa kwenye ya asili lakini ukateleza kwenye ya bandia, yamezama au yamelika. Kisha yabonyeze kwa kidole sehemu ya nyuma kabisa; yakinyanyuka mbele, kitako hakikai.

Marefu huchongwa kidogokidogo kwa kufuata alama za karatasi ya rangi unayong'ata. Yaliyozama huongezewa akriliki chini. Kazi hiyo ni ya kliniki, si ya msasa wa nyumbani. Usikubali meno yako ya asili yachongwe ili kutibu taya, maana hayarudi. Wala usiyaoshe meno bandia kwa maji ya moto: akriliki hupinda.

Wakati ukisubiri, acha pweza mkavu, miwa na korosho kwa wiki mbili. Kula ming'oko iliyochemshwa vizuri, samaki na uji. Kanda shavu kwa taulo la maji ya uvuguvugu dakika 15, mara mbili kwa siku. Taya linalotoa mlio bila kuuma halihitaji tiba. Ila kinywa kikishindwa kupitisha vidole viwili (kawaida ni vitatu), au kikikataa kufunga, nenda hospitali ya mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), bila kuchelewa.

Usiku wengi wanapaswa kuyavua meno bandia ili ufizi upumue. Anayesaga meno usingizini amweleze daktari kwanza, kwa sababu akiyavua, nguvu yote ya kusaga hubebwa na meno machache yaliyobaki, na huenda akahitaji kikinga meno cha kuvaa usiku.