Viza ya mhitimu Uingereza: unapewa muda, unapandishwa bei

Vijana wetu wanaomaliza masomo Uingereza husikia ushauri uleule: chukua kwanza viza ya mhitimu, shika kazi yoyote, udhamini wa mwajiri, yaani mwajiri mwenye leseni ya serikali kukusimamia upate viza ya kazi, utakuja baadaye. Ushauri huo una ukweli, ila wanaoutoa hawataji gharama yake.

Viza hiyo, iliyoanza Julai 2021, humruhusu mhitimu kufanya kazi miaka miwili bila kudhaminiwa. Kampuni ndogo isiyo na leseni ya udhamini inaweza kumwajiri na kumpima. Meneja aliyekwisha kumzoea na kumtegemea ndiye atakayekwenda kumpigania kwa wakubwa. Kwa aliyesoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, muda huo ni muhimu sana. Anatua Septemba, bado anahangaika na chumba na akaunti ya benki, na kampuni kubwa tayari zinapokea maombi ya wahitimu wa mwaka unaofuata.

Sasa tupige hesabu. Tangu Julai 2025, mfanyakazi anayedhaminiwa kwa kazi ya kitaaluma kwa kawaida anatakiwa kulipwa angalau pauni 41,700 kwa mwaka, au zaidi kama kiwango cha mshahara kilichowekwa kwa kazi yake kiko juu ya hapo. Mhitimu anayeanza kazi hupewa nafuu, na kima chake kinaweza kushuka hadi pauni 33,400. Nafuu hiyo haizidi miaka minne, na muda wa viza ya mhitimu unahesabiwa humohumo. Ukiimaliza miaka miwili ndipo udhaminiwe, umebakiwa na miwili tu. Ikiisha, mwajiri akupandishe mshahara au akuache.

La pili linaniuma zaidi, kwa sababu halisemwi. Mwajiri hulipa serikali tozo kwa kila mwaka wa udhamini: tangu Desemba 2025 ni pauni 1,320 kwa kampuni kubwa na 480 kwa ndogo. Anapomdhamini kijana anayetoka moja kwa moja kwenye viza ya mwanafunzi, anasamehewa. Kijana huyohuyo akipitia kwanza viza ya mhitimu, msamaha haupo. Kwa miaka mitatu, kampuni kubwa italipa pauni 3,960, na hairuhusiwi kumdai mfanyakazi hata senti.

Siwalaumu waajiri wanaosita. Mbali na fedha, mwenye leseni analazimika kutunza kumbukumbu na kuripoti mabadiliko ya mfanyakazi, na akizembea anaweza kunyang'anywa leseni. Lakini mzazi aliyeuza kiwanja Kigamboni kulipa ada alistahili kuelezwa haya kabla mtoto hajapanda ndege.

Kwa maoni yangu, viza ya mhitimu iwe akiba. Orodha ya waajiri wenye leseni serikali huiweka wazi mtandaoni. Mwanafunzi aombe huko akiwa bado chuoni, kwa kazi itakayoanza baada ya kumaliza kozi. Fomu ikiuliza kama atahitaji udhamini sasa au baadaye, ajibu kweli, maana uongo huo hugundulika mkataba ukiwa mezani. Akikosa, achukue viza ya mhitimu, ila suala la udhamini aliibue mara tu anapopita kipindi cha majaribio kazini. Watakaoiomba kuanzia Januari 1, 2027 watapewa miezi 18 tu, isipokuwa wenye shahada ya uzamivu, ambao watabaki na miaka yao mitatu.