Dawa ya kuongeza damu kwa mtoto: malaria ipimwe kwanza

Mtoto akionekana ana viganja vyeupe, wazazi wengi hukimbilia duka la dawa kununua dawa ya kuongeza damu, ambayo kwa kawaida ni madini ya chuma. Wana sababu. Bila madini ya chuma mwili hautengenezi himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni kwenye damu, na chuma kikikosekana kwa muda mrefu katika miaka miwili ya mwanzo, hata ubongo unaokua huathirika. Uji mtupu wa mahindi hauzibi pengo: chuma chake ni kidogo, na faiteti, kemikali za asili zilizomo kwenye nafaka, hukishika kisifyonzwe.

Lakini yaliyotokea Pemba hayapaswi kusahaulika. Utafiti uliochapishwa 2006 uliwahusu maelfu ya watoto wa mwezi 1 hadi 35. Waliopewa kila siku chuma, miligramu 12.5 kwa waliotimiza mwaka, pamoja na asidi ya foliki, walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa. Sehemu hiyo ya utafiti, ya kutoa chuma, ilisimamishwa mapema, 2003. Vimelea vya malaria navyo huhitaji chuma, na kile kisichofyonzwa hushuka utumbo mpana kikalisha bakteria wa kuharisha.

Basi wapo wanaosema kwenye malaria chuma kisitolewe kabisa. Sikubaliani nao. Pemba hiyo hiyo, katika kundi dogo ambalo malaria ilifuatiliwa na kutibiwa mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 umekwenda njia hiyo: pale ambapo upungufu wa damu umefika asilimia 40 ya watoto, wenye miezi 6 hadi 23 wapewe miligramu 10 hadi 12.5 kwa siku, miezi 3 mfululizo kila mwaka, na kwenye malaria iwe sambamba na kinga, vipimo na matibabu yake. Mtoto mwenye homa, basi, apimwe kwanza. Akiwa anaumwa, ini hutoa hepsidini, homoni inayofunga mlango wa chuma utumboni, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa hupita bure.

Nyumbani kosa kubwa ni kipimo. Kidonge cha ferasi salfeti, aina ya dawa ya chuma, cha miligramu 200 kina takriban 65 za chuma chenyewe. Hicho ni cha mama mjamzito. Kukikata kwa kisu na kukadiria ni hatari. Kwa mtoto ni dawa ya maji, na kinachosomwa kwenye chupa ni chuma halisi kwa kila mililita. Vidonge vya mama vifungiwe juu: mtoto wa kilo 10 akimeza kumi, maisha yake yako hatarini, hata kama saa chache baadaye kutapika kumetulia na anaonekana mzima.

Dawa isinyweshwe na chai wala maziwa; zipite saa mbili. Maji ya chungwa husaidia ufyonzaji. Choo kikiwa cheusi ni chuma kilichobaki, dawa isikatizwe kwa hilo. Na uji utiwe dagaa waliosagwa tangu miezi 6, kwa sababu chuma cha chakula huingia kidogo kidogo na hakijaonyesha hatari ile ya Pemba.