Baba Mkwe Kajifungua, Mengine Yote ni Chumvi ya Chogo

Naanza na nyie mliokesha mkinitumia picha za wakunga: zimefika zote, Mungu anawaona. Na nyie mliosikia kwamba nimempasua samaki kwa kisu cha kachumbari mbele ya mama mkwe, tulieni niwaeleze. Kisu hakikuwepo. Palikuwa na kijiti cha pamba ya masikio tu. Chogo, aliyenirekodi, ana video ya sekunde 40 na maelezo ya saa mbili, na anachouza kijiweni ni maelezo.

Wazoefu wa hapa mnamjua Baba Mkwe. Wageni: ni samaki. Kenyi, jamii ya mbuna, asili yao Ziwa Nyasa kule Malawi, wenyewe wanakaa kwenye mawe na hawataki ujirani na mtu. Ni wa bluu, ana milia myeusi, na akikutazama kupitia kioo unakumbuka kwamba mahari hujamaliza. Ndiyo sababu ya jina. Aliyeniuzia aliniapia kwamba wa bluu ni dume, na yule wa manjano, tuliyemwita Shangazi, ni jike. Majina hayo yalikuwa siri yangu, Mama Junior na Chogo. Kumpa Chogo siri, najua, najua.

Basi wiki mbili zilizopita Baba Mkwe kagoma kula. Siku ya kwanza nikasema kanuna, ndiyo tabia yake. Siku ya nne bado. Nikimwaga chakula wenzake wanaparurana juu, yeye yuko nyuma ya jiwe, kidevu kimemvimba kama mtu mwenye jino bovu, na taya linatafuna. Anatafuna nini? Hakuna. Anatulia kidogo, anatafuna tena, kama babu aliyefichiwa ugoro wake.

Nikaingia mtandaoni saa 5 usiku, saa 8 nikatoka daktari.

Mbuna asiyekula, anayejificha, aliyevimba: jibu likawa kwamba ana ule ugonjwa wa kuvimba unaowasumbua samaki wa Nyasa, hasa wale waliozoea kukwangua mwani kwenye mawe halafu sisi tunawashindilia minofu. Dawa yake ni metronidazo, ile ile flajili unayopewa wewe ukila chipsi za barabarani. Daktari mwenye akili angeangalia kwanza kilichovimba ni nini. Ugonjwa ule huvimbisha tumbo, na choo hutoka cheupe, chembamba kama uzi. Baba Mkwe tumbo lilikuwa limeingia ndani kama la mfungaji saa 12 kasoro jioni. Kilichovimba ni kidevu. Mimi nikasema ni ugonjwa ule ule, ila umepanda.

Tangi ni lita 120. Nikasaga vidonge 4 vya miligramu 200, nikamimina. Nikaongeza chumvi ya Epsom, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 20. Nikazima taa na kubandika karatasi kwenye kioo: MGONJWA AMELALA. Mama Junior kaisoma ile karatasi, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilimsikia akicheka na mto.

Katikati ya matibabu ndipo akafika mama mkwe, kutoka Mbamba Bay, na ndoo ya dagaa wa Nyasa. Mama kakulia ufukweni. Perege kawapara tangu hajaanza shule. Kapita mbele ya tangi mara moja tu, kainama, kanyanyuka. Sasa mnajua mambo ya ukweni: mama hanisemeshi moja kwa moja, hata nikiwa nimekaa hatua mbili. Akamgeukia binti yake.

"Mwambie mwenzio, rangi hii mimi sijawahi kuiona, lakini mdomo huo naujua. Huyo haumwi. Ameatamia."

Jamani, nilicheka. Kwa heshima, lakini nilicheka. Nikamwambia Mama Junior amwambie mama kwamba wanaoatamia ni kuku, na kwamba huyu ni dume, na kwamba kitaalamu tunaangalia utumbo. Nilisema "kitaalamu". Mama akaitikia "haya", ile haya fupi ya kina mama, akaenda kuanika dagaa.

Dozi ikaisha, kidevu kile kile. Nikabadili utambuzi: kokoto. Mbuna huchimbachimba mchanga, kokoto humkwama. Dawa yake ni kuitoa. Jumamosi asubuhi nikamwita Chogo aje animulikie kwa simu. Tochi aliwasha, siwezi kumsingizia. Aliwasha na kamera.

Hapa twende taratibu, maana hapa ndipo Chogo anapokimbia.

Niko sebuleni, nimepiga magoti mbele ya beseni lenye maji ya tangi. Nimevaa bukta, glavu za jikoni za manjano, na tochi ya kichwani, maana ya Chogo naona haitoshi. Mama kakaa kwenye kigoda mlangoni, ungo mapajani, anachagua mchele. Hanitazami. Mama Junior kasimama nyuma yake, kauma upindo wa khanga.

Nikamtoa Baba Mkwe kwa kinyavu, nikamlaza kwenye taulo bichi kiganjani. Katulia. Nikabonyeza kidevu kidogo kwa kidole gumba, mdomo ukaachama. Nikasogeza kijiti cha pamba. Nikainamisha kichwa ili mwanga uingie kooni.

Nikaona jicho.

Si la Baba Mkwe. Ya kwake yako pale pale pembeni ya kichwa. Hili lilikuwa ndani, kooni, jeusi, limenikodolea. Pembeni yake lingine. Nyuma ya hayo, mengine, yamebanana kama abiria wa daladala ya saa moja asubuhi. Nikasikia mtu anasema "ana macho kooni, ana macho kooni", kumbe ni mimi.

Baba Mkwe akakohoa. Kikatoka kitu, kikatua juu ya glavu: kamkia, macho mawili makubwa kuliko mwili, na chini ya tumbo kifuko cha kiini cha yai, cha manjano, kama kabeba mzigo wa safari. Kikajipinda. Kikafuata cha pili. Halafu vikamwagika vyote, na mkono wangu, ambao mpaka hapo ulikuwa mkono wa daktari, ukafunguka.

Baba Mkwe akaruka. Naapa alikaa hewani muda wa kutosha mimi kuona anakoelekea. Nikaona ungo. Nikanyoosha mkono, nikashika hewa. Akatua katikati ya mchele wa mama mkwe wangu, puu, na pale pale kwenye ungo akatema wengine watatu.

Nami, kwa sauti ambayo majirani watatu wamethibitisha kuisikia, nikapiga kelele:

"Mama! Baba Mkwe anazaa!"

Kimya. Pampu ya hewa tu, bu bu bu bu. Samaki kagandwa na mchele kila upande. Mama kautazama ungo, kanitazama mimi, glavu, bukta, tochi inayommulika usoni kwa sababu sikuwa na akili ya kuizima. Akalowesha mikono kwenye beseni, akamkusanya samaki kwa viganja viwili, akamrudisha majini. Akaanza kuchagua vifaranga kutoka kwenye mchele, kimoja kimoja, kama anavyochagua mawe. Alipomaliza, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akanisemesha mwenyewe:

"Baba mkwe yupi?"

Video inaishia darini, maana hapo Chogo alishaanguka.

Mengine haraka haraka. Vifaranga vilitoka 23, viko hai 16, vinaelea ndani ya kopo la aiskrimu nililolitoboa matundu na kulining'iniza kwenye tangi. Kwa kenyi, wa bluu ndio majike na wa manjano ndiye dume, kwa hiyo baba wa watoto ni Shangazi. Ana vidoa kama mayai kwenye pezi la chini kwa nyuma. Jike akijaribu kuviokota anameza mbegu, na mayai yaliyomo mdomoni yanarutubika humo humo. Halafu anayabeba kama wiki tatu bila kula. Mimi nimempa mjamzito flajili. Msiniulize kuhusu mchele. Uliondoka kwenye ungo, sikufuatilia ulikokwenda, na mchana huo nilisema nimeshiba.

Jioni video ilikuwa imefika Mbamba Bay. Chogo anasema hajui ilifikaje. Mama mkwe naye ana simu ya kugusa siku hizi, nasema tu.

Jana usiku simu ya Mama Junior ikaita. Mzee mwenyewe, yule wa kweli. Mama Junior akaweka sauti ya nje. Mzee akakohoa, akanyamaza, akauliza taratibu:

"Nasikia nimejifungua salama. Mbona mzazi sijaletewa hata uji?"

Nimetuma elfu 50. Pamoja na ya kutolea.